Maradhi ya Tumbo Huanzia Nyumbani: Hotuba kwa Wakazi wa Majengo, Mombasa

Assalamu aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana wa mtaa, nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu za jioni mkaja. Mzee wa mtaa aliponiomba nizungumze juu ya tumbo, aliniambia karibu kila nyumba hapa ina mtu anayeshika chembe cha moyo baada ya kula, au anayeamshwa usiku na kiungulia, au anayeshiba kwa matonge matatu tu kisha tumbo likamjaa gesi hadi asubuhi. Namwamini, kwa sababu hao hao ndio ninaokutana nao kliniki, na hakuna siku wanakosekana.

Na wakifika, wengi wameshajihukumu. Mmoja ataniambia, "Daktari, ni pilipili zangu." Mwingine, "Ni mawazo, nina mambo mengi." Mama akisema tumbo linamchoma, jirani atamuuliza kwanza ana fikira gani, kama kwamba maradhi ameyaleta mwenyewe kwa kuwaza sana. Hilo ndilo linalonikera, na ndilo lililonileta hapa. Sikatai kwamba moyo mzito huzidisha maumivu ya tumbo. Huzidisha, tena sana. Lakini kwa vidonda vya tumbo hasa, visababishi vikubwa viwili vinajulikana dunia nzima: bakteria aitwaye helikobakta pailori, na dawa za kutuliza maumivu tunazomeza kiholela. Pilipili humchoma aliye na kidonda tayari, lakini si yenye kukitoboa.

Hata madaktari walikuwa wakiamini habari ya mawazo kwa miaka mingi. Waliogeuza mambo ni wawili wa mji wa Perth, Australia: Robin Warren, aliyekuwa akichunguza vipande vya nyama ya tumbo kwa hadubini, na Barry Marshall, daktari kijana. Warren aliona vijidudu vilivyojipinda kwenye matumbo yenye uvimbe, wakati vitabu vilisema hakuna kiumbe kinachoweza kuishi katika asidi ile. Wakajaribu kuviotesha maabara, bila mafanikio, kwa sababu sahani zilikuwa zikitupwa baada ya siku mbili. Mwaka 1982 sikukuu ya Pasaka ikaangukia katikati ya kazi, sahani zikaachwa siku kadhaa zaidi, na waliporudi wakakuta vimeota. Bado hawakuaminiwa. Mwaka 1984 Marshall akapimwa tumbo, likaonekana salama, kisha akanywa maji yenye bakteria wale. Baada ya siku chache akaanza kutapika, na alipopimwa tena tumbo lake lilikuwa limevimba. Mwaka 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Nawasimulia haya ili yule mama anayeambiwa kila siku "acha mawazo" ajue kwamba kuna jambo jingine la kupimwa.

Bakteria huyu anaishi vipi ndani ya asidi? Anatengeneza kimeng'enya kinachogeuza urea iliyomo tumboni kuwa amonia, na amonia inaipunguza makali ile asidi iliyomzunguka. Halafu kwa mikia yake anajisukuma hadi ndani ya ute unaofunika ukuta wa tumbo, anajificha humo miaka na miaka. Ukuta unavimba kidogo kidogo. Watu wengi hawasikii chochote maisha yao yote. Katika kila watu 100 walio naye, takribani 10 hadi 15 hupata kidonda, na 1 hadi 3 huishia kupata saratani ya tumbo. Ndiyo maana tangu mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) limemweka bakteria huyu katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani, kundi moja na sigara.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Bakteria huyu hukadiriwa kuwa ndani ya karibu nusu ya watu duniani, na katika nchi zetu za Afrika ni wengi zaidi. Na wengi wetu hatukumpata juzi kwenye kibanda cha viazi karai. Tulimpata utotoni, mara nyingi kabla ya kwenda shule, na tulimpata nyumbani, kutoka kwa mama, baba, ndugu, au wale tuliolala nao chumba kimoja. Anapita kutoka kinywani kwa mtu hadi kinywani kwa mwingine, anapita kwa matapishi, anapita kwa kinyesi kilichofika kwenye maji au mikono. Watafiti walipouliza ni watu gani walio naye zaidi, majibu yalikuwa yale yale kila nchi: waliokulia katika vyumba vilivyojaa watu, waliolala kitanda kimoja wakiwa watoto, waliokosa maji ya mfereji ndani ya nyumba, waliozaliwa na mama aliye naye. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo mtoto alilichagua.

Zitazameni nyumba zetu za Majengo. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba pande mbili, uani nyuma. Ilijengwa kwa ajili ya watu wa jamaa moja. Leo kila chumba ni mpangaji wake, na chumba kimoja kina baba, mama na watoto wanne. Uani kuna choo kimoja, bafu moja, na pengine kisima. Mtoto mmoja akiharisha au akitapika usiku, wote wanaamka, mama anasafisha kwa mikono, na asubuhi mikono ile ile inakanda unga wa mahamri. Simlaumu mama yule, kwa maana maji ya kuoshea mikono amenunua, tena kwa mtungi.

Na maji, ndugu zangu, ni habari ndefu. Kisiwa hiki hakina mto. Maji yetu yanatoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, chemchemi za Marere katika Milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Yanasafiri kilomita nyingi kabla ya kufika Mombasa, na yakifika hayatoshi. Kwa hivyo mfereji unatoa siku moja na kukauka siku kadhaa. Watu hudhani ubaya wa mfereji mkavu ni kukosa maji tu. Kuna ubaya wa pili: bomba likiwa tupu halina msukumo wa kuzuia uchafu, na penye ufa maji machafu ya nje huingia ndani. Maji yakirudi, yale ya mwanzo yanakuja na uchafu huo. Yaacheni yatiririke kidogo, myatumie kwa kudekia, ndipo mkinge ya kunywa.

Mfereji ukikauka tunageukia mkokoteni na kisima. Mwenye mkokoteni anatafuta riziki yake, lakini wewe hujui mitungi yake ameijaza wapi wala imeoshwa lini. Na visima vyetu vimechimbwa katika jiwe la matumbawe. Jiwe hili ni zuri kwa kujengea, wazee wetu walijenga nalo mji, lakini lina matundu na nyufa, na maji hupenya upesi bila kuchujwa kama yanavyochujwa na udongo. Shimo la choo likiwa uani na kisima kiko uani, hatua chache baina yao, hayo mawili yanazungumza chini kwa chini hata kama juu kuna sakafu ya saruji iliyong'arishwa. Maji ya kisima yawe ya kufulia na kuoshea choo. Ya kunywa, ya kuoshea matunda na kachumbari, ya kusukutulia kinywa, yachemsheni au myatie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Bakteria huyu hufa kwa moto na hufa kwa klorini. Kisha hifadhini kwenye chombo chenye kifuniko, na mchote kwa kata yenye mpini mrefu. Nimeona nyumba nyingi maji yamechemshwa vizuri, kisha mtoto anazamisha kikombe na vidole vyake vyote.

Najua swali litakalofuata: na sinia? Hapa tunakula sinia moja, tena kwa mkono, na kuna waliosikia kwamba kula pamoja ndiko kunakoleta pailori. Mimi sitawaambia muache sinia. Sinia ni udugu wetu, na ushahidi wenye nguvu uko juu ya mikono, maji na msongamano wa utotoni. Ninachoomba ni maji na sabuni kwa kila mkono kabla haujaingia kwenye wali, wakubwa kwa wadogo. Kumimina maji matupu juu ya vidole vya wageni, bila sabuni, hakutoshi. Na kile cha kumtafunia mtoto mchanga chakula kisha ukamlisha, hicho naomba kiachwe kabisa. Ponda kwa kijiko.

Sasa niende kwenye kisababishi cha pili, na hapa nasema na wanaume wa bandarini, wavuta mikokoteni, waendesha bodaboda, na mama zangu wenye magoti. Mgongo ukiuma, tunakwenda dukani. Siyo hata duka la dawa, duka la sukari na majani ya chai. Tunauziwa vidonge viwili kwenye kipande cha karatasi, aspirini, ibuprofeni au diklofenaki, tunameza na chai ya rangi saa kumi na mbili asubuhi bila kula, tunakwenda kubeba magunia. Kesho tena. Mwezi unaisha. Dawa hizi hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, na kemikali hiyo hiyo ndiyo inayolifanya tumbo litoe ute wa kujikinga na asidi yake. Ukiizuia kila siku, ukuta wa tumbo unabaki uchi.

Kuna wanaoniambia, "Mimi simezi, mimi huchomwa sindano, kwa hivyo haipiti tumboni." Haina haja ya kupita tumboni. Inafika kwa njia ya damu na kufanya kazi ile ile. Kidonda huja vile vile. Na aliye na pailori kisha akatumia dawa hizi, hatari yake ya kidonda na ya kutoka damu ni kubwa kuliko ya mwenye kimoja peke yake. Wazee ndio huumia zaidi, kwa sababu kwao kidonda kinaweza kukaa kimya bila kuuma mpaka siku kinapotoa damu. Mwenye maumivu ya kawaida aanze na paracetamoli, bila kupita kipimo. Mwenye magoti ya miaka mingi aje apangiwe, kuna dawa ya kulikinga tumbo inayoweza kutolewa pamoja. Na yule aliyeandikiwa aspirini ndogo kwa ajili ya moyo asiikate mwenyewe baada ya kunisikia leo, akamwone aliyemwandikia.

Si kila tumbo linalochoma lina kidonda, na hili nalisisitiza. Wengi wa wanaolalamika kukosa kumeng'enya chakula, wakiingizwa kamera tumboni, hawaonekani na kidonda chochote. Maumivu yao ni ya kweli, ila yanatokana na tumbo lenye hisia kali au linalosukuma chakula polepole. Kiungulia nacho ni jambo jingine: asidi inapanda juu kooni. Hicho hakiponi kwa dawa za pailori, na wengi wamepoteza pesa zao hapo. Huletwa zaidi na mtindo wetu wa kula. Tufikirieni Ramadhani. Mtu amefunga tangu alfajiri, magharibi anaanza na tende, vizuri, kisha zinafuata bhajia, sambusa, katlesi, viazi karai, na juu yake sharubati, yote kwa robo saa. Usiku anakula daku zito, anaswali alfajiri, anajilaza hapo hapo na tumbo limejaa. Asidi itabaki wapi? Futuruni kidogo, mkaswali, mkarudi kula taratibu. Daku iwe nyepesi, na kati ya kula na kulala pawe na saa mbili au tatu kila inapowezekana. Asiyeweza ainue upande wa kichwa wa kitanda kwa kuweka matofali mawili chini ya miguu ya kitanda upande huo. Mito peke yake hukunja tumbo na kuzidisha. Maziwa mnayokunywa kutuliza moto hutuliza kwa muda mfupi, halafu tumbo hutoa asidi zaidi.

Kuhusu miraa na muguka, majani ya kutafuna yenye kuchangamsha, siingii katika mvutano ule wa kupiga marufuku muguka uliofika mpaka mahakamani mwaka 2024. Nasema la tumbo tu: majani yale hukata hamu ya kula na kuchelewesha chakula kutoka tumboni, na mlaji hukesha na soda na sigara bila kula kitu. Sigara huchelewesha kidonda kupona. Pombe, iwe ya dukani au mnazi, huunguza ukuta wa tumbo. Mwenye vyote hivi pamoja asishangae dawa ikishindwa.

Dalili hizi msizikalie nyumbani hata siku moja. Kutapika damu, au matapishi ya rangi ya kahawa. Choo cheusi chenye kunata kama lami, chenye harufu kali, kwa mtu ambaye hatumii vidonge vya kuongeza damu. Maumivu makali ya ghafla na tumbo kuwa gumu. Hizo ni za kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo, iwe ni usiku wa manane. Na kuna za pole pole: kukonda bila sababu, chakula kukwama kooni, kutapika kila siku, upungufu wa damu usioeleweka, au tumbo lililoanza kusumbua uzeeni kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa na shida. Huyo anahitaji kamera, si kidonge kingine cha asidi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na katika maradhi haya nimeona ikiwa kweli, hasa kwa wanaume wanaoona haya kutaja choo chao.

Kwa asiye na dalili hizo, kipimo kizuri ni cha choo au cha pumzi. Kipimo cha damu hakitofautishi aliye na bakteria sasa na aliyekuwa naye zamani, kwa hivyo usifurahi wala usilie kwa sababu yake. Kabla ya kupimwa, dawa ya kupunguza asidi kama omeprazoli iachwe wiki mbili, na antibiotiki yoyote wiki nne, la sivyo bakteria hujificha na majibu yatasema huna kumbe unaye.

Ukikutwa naye, dawa ni mchanganyiko: ya kupunguza asidi, pamoja na antibiotiki mbili au zaidi, kwa kawaida siku 14. Ni vidonge vingi, kinywa kinakuwa kichungu, tumbo linavuruga. Siku ya tano moto umetulia, mtu anaona amepona, anamgawia shemeji yake vidonge vilivyobaki. Hapo tumewaharibu wawili. Bakteria aliyesalia ameshaijua dawa. Na tumeshamfundisha zaidi kwa tabia ya kununua metronidazoli kila tumbo linapovuruga, tukisema ni amiba bila kupima choo. Metronidazoli ni mojawapo ya silaha zetu dhidi ya pailori, na katika Afrika bakteria wengi wameshaizoea. Klarithromaisini nayo inakwenda njia hiyo; mwaka 2017 WHO iliorodhesha pailori asiyesikia dawa hiyo miongoni mwa bakteria wanaohitaji dawa mpya kwa dharura. Malizeni siku zote 14, kisha rudini mpimwe tena baada ya wiki nne au zaidi. Wengi hawarudi kwa kipimo hicho cha pili, nami nawasihi mrudi, kwa sababu maumivu kutulia hakumaanishi bakteria ametoka.

Kuna mama ameniandikia swali kwenye karatasi kabla sijaanza: mume wake amekutwa na pailori, je, yeye na watoto wake watatu wanunue dawa hizo hizo? Jibu langu, mama, ni hapana, msinunue. Wewe pima, na watu wazima wengine wanaolala nyumba hiyo wapime, na atakayeonekana naye atibiwe pamoja na mumeo, ili msiambukizane upya. Watoto wasio na dalili hatuwapimi wala hatuwapi dawa kwa sababu ya baba yao. Antibiotiki nyingi za utotoni zina madhara yake, na kidonda kwa mtoto ni nadra. Mtoto anayetapika mara kwa mara, anayekonda, au anayeamshwa usingizini na maumivu, huyo mlete tumwone. Kwa hao wengine dawa yao ni ile tuliyoitaja: sabuni karibu na choo, kifuniko juu ya maji, na kila mmoja mswaki wake. Na kama uani kwenu kuna kisima karibu na shimo la choo, niandikie nyumba yenu ni ipi, nimjulishe afisa wa afya ya umma aje ayapime maji hayo.